Picha ya Ubongo na Mwenendo wa Ugonjwa: Jinsi Sonona Ilivyotenganishwa na Bipola

Mgonjwa wa sonona na mgonjwa wa bipola aliye katika kipindi cha huzuni humfikia daktari wakiwa na dalili zinazofanana: usingizi umewapaa, hamu ya chakula imepotea, na matumaini yamekwisha. Hata hivyo, tiba zao ni tofauti. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye bipola, inaweza kumsukuma kwenye mania, yaani kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kukesha bila kuchoka na kufuja mali. Insha hii inafuatilia juhudi za kuyatenganisha magonjwa haya. Hoja yake ni kwamba tofauti kati yao iligunduliwa kwa kumfuatilia mgonjwa kwa muda mrefu, na ndiyo maana picha ya ubongo, inayonasa muda mfupi tu, haijaweza kuchukua nafasi ya historia yake.

Mwaka 1854, Jean-Pierre Falret na Jules Baillarger wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris walieleza, kila mmoja kwa njia yake, ugonjwa ambao mania na huzuni hupokezana ndani ya mtu mmoja. Wakagombania nani aliyetangulia. Mwaka 1899, Emil Kraepelin wa Heidelberg, Ujerumani, aliziunganisha mania na aina nyingi za huzuni kali chini ya jina moja. Alitegemea kadi alizoandika kuhusu wagonjwa wake, akizingatia jinsi ugonjwa ulivyoanza, ulivyoendelea na ulivyoisha.

Umoja huo ulivunjwa na Karl Leonhard wa Ujerumani Mashariki mwaka 1957, alipowatenga wagonjwa waliopata huzuni pekee na wale waliopata pia mania. Mwaka 1966, Jules Angst wa Uswisi na Carlo Perris wa Uswidi walichunguza koo za wagonjwa, wakaona kwamba makundi hayo mawili hayarithishwi kwa namna moja. Mwaka 1980, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ukaukubali mgawanyo huo. Hadi hapo hakuna mashine iliyokuwa imetumika. Kilichotumika ni masikio, kadi na subira.

Mashine zilipokuja, zilileta matumaini makubwa. Mwaka 1985, Lewis Baxter na wenzake huko Los Angeles walipima jinsi ubongo unavyotumia glukosi. Waliona kwamba matumizi hayo yalikuwa ya chini zaidi kwa wagonjwa wa bipola waliokuwa na huzuni kuliko kwa wenye sonona. Lakini wagonjwa hao walipopata nafuu au kuingia katika mania, kiwango kilipanda. Maana yake ni kwamba kipimo kilionesha hali ya siku ile zaidi ya aina ya ugonjwa. Mwaka 1997, kundi la Wayne Drevets lilikuta upungufu katika sehemu ndogo ya mbele ya ubongo, ila upungufu huo ulionekana katika magonjwa yote mawili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuifunza kompyuta kusoma picha za MRI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa kutumia wagonjwa wa Münster, Ujerumani, na Pittsburgh, Marekani, ulipambanua magonjwa haya kwa usahihi uliofikia takribani asilimia 79. Kompyuta iliyofunzwa kwa picha za mji mmoja ilipopewa za mji mwingine, usahihi haukuvuka asilimia 69. Kwa mgonjwa mmoja anayesubiri dawa, pengo hilo ni kubwa.

Kwa kuhitimisha, picha za ubongo zimetufunza mengi kuhusu hisia, na huenda siku moja zikamsaidia daktari kuamua mapema. Kwa sasa, swali la kale bado lina nguvu kuliko mashine: je, umewahi kuwa na siku ambazo hukulala, wala hukuchoka? Swali hilo aulizwe mgonjwa, na waulizwe pia wanaoishi naye, kwa sababu mania mara nyingi hukumbukwa na jamaa kuliko mwenyewe.