Nywele za mbele: ukungu wa Mbeya, kitana cha moto na vita vya wigi

Bajeti ya Serikali ikikaribia, mtu wa saluni ana sababu ya kutega sikio. Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipeleka bungeni ushuru mpya wa nywele za bandia: asilimia 25 kwa zinazotoka nje, asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Wapo walioshangilia na wapo walionuna. Kwa anayeijua historia ya nchi hii, hiyo haikuwa mara ya kwanza wakubwa kukaa kikao kujadili kichwa cha mwanamke.

Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, kichwa hicho kina mpinzani wa zamani kuliko Serikali: hali ya hewa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huanza Novemba zikaendelea hadi Mei. Iringa imekaa juu ya kilima chake, na ikifika Juni na Julai upepo wa baridi haumwachi mtu na kitambaa kichwani. Dada anatoka saluni Mwanjelwa, Mbeya, nywele za mbele zimelala chapa juu ya paji la uso. Akifika Uyole na manyunyu yake, zimeshasimama.

Wasusi wanajua kwamba kazi ya kisogoni ni nyepesi. Vita iko mbele. Nywele za pajini ni fupi na nyembamba, ziko karibu na jasho la uso, na ndizo za kwanza kupigwa na ukungu. Moto ukizinyoosha, kinachoachia ndani ya unywele ni viungo vya haidrojeni, na viungo hivyo hushikana tena mara unyevu unapoingia. Ndiyo maana nywele iliyochomwa Dodoma hudumu, na iliyochomwa Tukuyu hairudi nyumbani ilivyotoka.

Chombo cha kwanza cha vita hiyo kilikuwa kitana cha moto. Mpini wa mbao, meno ya chuma au shaba, kinawekwa juu ya jiko la mkaa. Msusi haangalii saa. Anakitoa, anakigusisha kwenye kitambaa cheupe: kitambaa kikipata alama ya kahawia, kitana bado ni kikali, kinapungwa hewani kwanza. Kisha mafuta kidogo kwenye shina la nywele, na anayechomwa anakunja sikio lake mwenyewe kwa kidole ili lisiungue. Mafuta yanachacharika, moshi unapanda, na za mbele zinaachwa mwisho, kitana kikiwa kimepoa kidogo, kwa sababu karibu na ngozi ya paji hakuna nafasi ya kukosea. Huu ni ufundi kamili, wa jicho, pua na mkono, na ulistahili kuheshimiwa kama tunavyomheshimu mhunzi.

Vyuma vya moto vya kutengenezea nywele vilipata jina Paris, miaka ya 1870, kwa kazi ya kinyozi Marcel Grateau. Huko Marekani, Annie Malone na Madam C. J. Walker walijenga biashara kubwa za nywele za wanawake weusi mwanzoni mwa karne ya 20. Huku kwetu nywele zilikuwa na kazi nyingine kabla ya urembo wa saluni. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi kunyoa kulivyokuwa sehemu ya taratibu za msiba. Kichwa kilisema habari za ukoo kabla hakijasema habari za mitindo.

Kisha ukaja ugomvi ambao watu wengi wa umri wangu hawakufundishwa shuleni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, suruali za kubana, mafuta ya kujichubua na mawigi vingepigwa vita kwa jina la utamaduni wa taifa. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameufuatilia mkasa huo kwa makini katika kitabu chake cha 2011, Cultured States, na mengi ninayoeleza hapa nimeyapata kwake. Tangazo lilipotoka tu, na miezi ikiwa bado mbele, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo kwenye vituo vya basi, hadi polisi wakaingilia.

Halafu ikaja vita ya barua. Magazeti ya Dar es Salaam yalijaa hoja. Waliounga mkono walisema wigi ni utumwa wa mawazo, ni kuvaa kichwa cha Mzungu. Waliopinga waliuliza: kama wigi ni la kigeni, suti na tai za wakubwa zimeshonwa kwa mila ya nani? Na kwa nini operesheni ya utamaduni imlenge zaidi mwanamke, tena anayefanya kazi ofisini na kununua wigi kwa mshahara wake? Ivaska anaonyesha kwamba nyuma ya kelele za utamaduni kulikuwa na hofu ya wanaume mbele ya wanawake waliopata ajira mjini. Nakubaliana naye. Ukisoma hoja zile leo, wigi linatajwa, lakini anayesemwa ni karani mwenye kipato.

Kinachouma zaidi ni kwamba miaka hiyo hiyo kulikuwa na kampeni nyingine iliyowataka Wamasai waache mavazi yao na ngeu waliyopaka nywele. Mmoja aliambiwa kichwa chake ni cha kisasa mno, mwingine aliambiwa ni cha kale mno. Na ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, Malawi ya Kamuzu Banda ya miaka ya 1970 ilikuwa ikiwakatalia kuingia wageni wanaume wenye nywele ndefu mpaka wazikate.

Wakati huo Mbeya ilikuwa inabadilika. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, barabara kuu ya Zambia ikapita, na Tunduma ikawa mlango wa bidhaa. Miaka ya 1980 ikaja kalikiti, jina lililotokana na bidhaa ya Kimarekani ya Comer Cottrell iliyoingia sokoni mwaka 1980: mawimbi yanayong'aa, mafuta yanayochafua kola ya shati. Lakini hiyo ilikuwa pia miaka ya uhaba. Mwaka 1983 ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse dawa ya nywele. Milango ya biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, saluni zilipumua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: dawa za kulainisha, rasta, nywele za kushonea, pasi za umeme, na sasa wigi lenye nywele za mbele zilizokwisha katwa, ambalo ukungu haulisumbui. Za asili zilizobaki pajini hulazwa kwa jeli na mswaki mkuukuu. Dawa ina gharama yake: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliwakuta wanaotumia dawa za kunyoosha mara kwa mara wakiwa na saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Na rasta zinazovutwa kwa nguvu hung'oa nywele za mbele hizo hizo zilizopiganiwa, mpaka paji linapanda. Msusi mwema hukataa kukaza, hata mteja akisisitiza.

Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani, sasa ni makumbusho. Kitana cha moto kilichoungua mpini kinastahili rafu pale, pamoja na jiko lake na jina la aliyekitumia. Wanawake waliofanya kazi hiyo Miyomboni na Mwanjelwa wengine wangali hai. Waulizwe sasa dawa ilipitia wapi mwaka 1983, kichwa kimoja kilichomwa kwa shilingi ngapi, na nani alivua wigi Januari ile ya 1969 na nani aligoma.