Wano la Mshale: Sehemu Iliyosahauliwa katika Historia ya Uwindaji

Mshale una sehemu nne: kigumba kinachojeruhi, wano linalokibeba kigumba, manyoya yanayouongoza mwendo, na pengo dogo la nyuma ambamo upote wa upinde huingia. Katika sehemu hizi kigumba ndicho kilichopata heshima ya kuandikwa. Wano, yaani ule ufito mrefu ambao kwa macho ndio mshale wenyewe, limepewa maneno machache vitabuni, na siku hizi hata jina lake ni geni kwa wengi wasemao Kiswahili. Insha hii yakusudia kulitazama wano, kuuliza kwa nini historia imelipita, na kupima hasara iliyotupata.

Sababu ya kwanza ni maumbile ya vitu. Jiwe hudumu, chuma huacha mavi yake ardhini, lakini mti huliwa na mchwa. Huko Katuruka, katika nchi ya Wahaya, Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuri za chuma za kale, za karibu miaka 2,000 iliyopita. Kusini zaidi, katika nchi za Biharamulo na Geita, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma. Basi mwanahistoria wa Kagera aweza kusema mengi juu ya chuma. Lakini kila kigumba kilichofuliwa katika nchi hizi kilihitaji wano, na mawano hayo yote yamerudi udongoni. Ili mawano ya kale yadumu yahitaji bahati ya ajabu, kama ile ya mtu aliyeonekana mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Podo lake lilikuwa na mawano 14, na katika hayo mawili tu yalikuwa yamekwisha kuwa mishale kamili. Twajifunza hapo kwamba mwindaji yule alikuwa akitembea na kazi ya mikono isiyokwisha. Kagera haina barafu. Ina mvua, joto na mchwa.

Sababu ya pili ni dharau. Mtazamaji huliona wano kuwa kijiti tu, na kijiti hudhaniwa hakina elimu. Dhana hii si kweli. Upote unapofyatuka, mshale hauondoki umenyooka. Hupindika kwa kani ya upote, huupita mpini wa upinde kwa kujikunja kama samaki, kisha hujinyosha ukiwa hewani. Wano likiwa laini mno hupotoka. Likiwa gumu mno hugonga upinde na kwenda kando. Kwa hiyo wano sharti lilingane na nguvu ya upinde wake, na mawano ya podo moja sharti yafanane, la sivyo mkono uliozoea shabaha hudanganywa na kila mshale mpya. Wahenga hawakuiandika kanuni hii kwa hesabu, bali waliijua kwa vidole.

Vitu vilivyotumika zamani kwa mawano twaweza kuvigawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni matete na mianzi. Hivi vimezaliwa vimenyooka, ni vyepesi, na uwazi wake wa ndani hupokea kigumba bila kutobolewa. Kasoro yake ni kupasuka mdomoni, na kwa sababu hiyo hufungwa kwa kano za mnyama. Fungu la pili ni fito za miti, kama mikole. Ufito ni mzito kuliko tete na huvumilia mapigo, lakini haukuzaliwa umenyooka. Sharti ubanduliwe gome, ukaushwe, upashwe moto na kunyoshwa tena na tena.

Kazi hii yaonekana hata leo kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao James Woodburn alieleza vyombo vyao katika kitabu kilichotolewa na British Museum mwaka 1970. Mhadzabe huupasha ufito moto, huubana kwa meno, na kuukunja mpaka unyoke. Meno ndiyo koleo lake. Manyoya hufungwa kwa kano. Mishale ya ndege na wanyama wadogo huwa na ncha ya mti mtupu; ya wanyama wakubwa hutiwa chuma na sumu. Moja ya sumu zao hutoka katika mmea uitwao Strophanthus eminii, ambao wataalamu waliupa jina la Emin Pasha, yule yule aliyeanzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Jina la mgeni limeandikwa katika sumu. Majina ya walioitumia kwa vizazi vingi hayakuandikwa popote.

Natuje sasa Kibimba, kata ya wilaya ya Ngara. Ngara ni nchi ya mito Ruvubu na Kagera, na upande wa mashariki ni mapori ya Burigi na Biharamulo: huku matete ya mabondeni, huku fito za porini. Lugha za huko zashuhudia ukale wa silaha hii. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza, huita mshale umwampi, na upinde umuheto, jina linalotokana na kitendo cha kupinda. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo: upinde ni kilichopindwa. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita Usui, yaani nchi ya Wasubi, wakitozwa hongo kabla ya kufika Karagwe. Habari za wafalme na hongo zao zasomwa mpaka leo. Wachonga mawano wa nchi hiyo hawamo.

Sababu ya tatu ni sheria. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilitoa amri iliyotaka wawindaji wawe na kibali. Mkataba wa London wa mwaka 1933 ulitaka silaha za sumu zipigwe marufuku katika uwindaji. Tanganyika ikapata sheria mpya ya wanyama mwaka 1951, na mwaka 1959 Biharamulo ikawa pori la akiba. Mwaka 2019 pori hilo, pamoja na Burigi na Kimisi, likawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Sitaki msomaji adhani kwamba nalalamikia hifadhi. Bunduki na biashara vingewamaliza wanyama, na hifadhi ni urithi wa watoto wetu. Lakini yafaa tukiri kwamba sheria ile ile iliyomlinda mnyama ilimnyamazisha fundi. Mzee aliyejua ni ufito gani unaofaa, na mwezi gani wa kuukata, alijifunza kuificha elimu yake kama mtu afichaye kosa. Elimu iliyofichwa haifundishwi, na isiyofundishwa hufa pamoja na mwenyewe.

Kuna methali isemayo: mshale kwenda msituni haukupotea. Twaielewa kwa maana ya subira, lakini maana hiyo imejengwa juu ya desturi ya kazi. Mwindaji aliufuata mshale wake kwa sababu wano lilimgharimu kulitafuta, kulikausha na kulinyosha. Asingeliacha majanini kwa wepesi. Aliyetunga methali hiyo alijua thamani ya ufito.

Kwa hiyo, wanafunzi wa Kiswahili na wa historia, kazi iliyo mbele yenu haihitaji jembe la mfukuaji. Yahitaji daftari na adabu ya kukaa na wazee. Ulizeni majina ya miti, ya matete, ya mafundo ya kano, ya kila hatua ya kunyosha, kwa Kihangaza na kwa Kisubi, kisha tafuteni wenzake katika Kiswahili. Kigumba chaweza kungoja ardhini miaka 2,000 mpaka aje wa kukifukua. Mzee anayelijua wano hangoji hivyo.