Nasaba ya William de la Pole, Mfanya Biashara wa Hull

Zamani za Mfalme Edward wa Tatu walikuwako ndugu wawili katika mji wa Hull, ulio mashariki ya Uingereza karibu na mlango wa mto Humber. Mmoja aliitwa Richard, wa pili William, na jina la ukoo wao de la Pole. Kazi yao ilikuwa biashara ya sufu na divai. Kitukuu wa huyo William alikuwa mkuu mwenye nguvu kupita wote katika baraza la mfalme, na kilembwe wake alimwoa dada wa wafalme wawili. Lakini ukiuliza, Baba yake William ni nani? wenye elimu hawawi na jibu moja.

Jambo hili laweza kumshangaza msomaji, maana kwetu mzee asiyejua kusoma aweza kutaja babu zake hata saba bila kusita. Basi yafaa tujue jinsi watu wa Uingereza wanavyotafuta nasaba. Siku zile hapakuwa na daftari za ubatizo makanisani. Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilitolewa mwaka 1538, miaka 172 baada ya William kufa. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kusoma hati za mashamba, wasia, mihuri, na zaidi ya yote daftari za ushuru wa forodhani. Daftari hizo zataja magunia ya sufu, na meli, na fedha iliyolipwa. Mwenye sufu ni mwana wa nani, karani hakujali.

Jina lenyewe nalo halisaidii sana. De la Pole ni maneno ya namna ya Kifaransa, maana yake mtu wa kwenye bwawa, na mabwawa ni mengi. Wako waliojaribu kuwaunganisha ndugu hao na wana wa watawala wa Powys katika nchi ya Wales, kwa kuwa nao waliitwa hivyohivyo. Waandishi wa nasaba wa siku za baadaye waliwapatia baba, wakamfanya Sir William, mtu wa heshima. Mimi naona habari hizo zafaa kupokewa polepole. Ukoo ukiisha kuwa mkubwa hupata babu wakubwa. Hivyo ndivyo ilivyo kila mahali.

Habari iliyo karibu zaidi ni ya watawa wa Meaux, ambao nyumba yao haikuwa mbali na Hull. Katika tarikhi yao wasema kwamba William alijifunza biashara kwanza katika mji wa Ravenser Odd, kisha akahamia Hull. Mji ule ulijengwa juu ya mchanga penye mlango wa Humber, na katika karne ileile bahari ikaumeza wote, nyumba na kanisa. Kama palikuwa na makaburi ya wazee wake huko, yamo majini.

Twajua vema aliyoyatenda yeye mwenyewe. Mwaka 1332 alikuwa meya wa kwanza wa Hull. Vita na Ufaransa vilipoanza mwaka 1337, mfalme alipatana na wafanya biashara, William akiwa mmoja wa viongozi wao, wakusanye magunia 30,000 ya sufu na kuyauza ng'ambo. Katika miaka 1338 na 1339 alimkopesha mfalme zaidi ya pauni 100,000, mali isiyohesabika kwa siku zile. Shukrani yake ilikuwa kutiwa gerezani mwaka 1340. Baadaye alifunguliwa, akafa mwaka 1366.

Mwanawe Michael akawa mshika Muhuri Mkuu wa Mfalme Richard wa Pili mwaka 1383, na mwaka 1385 akapewa cheo cha Earl wa Suffolk. Hapo ndipo wakuu wengine walipokumbuka sufu. Mtawa Thomas Walsingham, mwandishi wa tarikhi, alimdharau akisema kuwa alifaa kwa biashara kuliko kwa vita. Mwaka 1386 Bunge lilimshtaki. Akakimbia nchi, akafa Paris mwaka 1389. Ngao yake ilikuwa na nyuso tatu za chui, lakini adui zake waliona duka la baba yake tu.

Mjukuu na kitukuu mmoja, wote wawili wakiitwa Michael, walikufa katika vita vya Ufaransa mwaka 1415. Kitukuu mwingine, William, akawa Duke wa Suffolk, akamwoa Alice, mjukuu wa Geoffrey Chaucer mwenye mashairi. Ajabu ni kwamba nasaba ya Alice yajulikana kuliko ya mumewe, ingawa nayo ni ya wafanya biashara. Baba yake Geoffrey aliitwa John, muuza divai wa London. Mwaka 1324, alipokuwa kijana, shangazi yake alimteka ili amwoze binti yake, apate mali ya ukoo iliyokuwa Ipswich. Kesi ikaenda barazani, makarani wakaandika nani ni ndugu ya nani, na kwa ajili ya ugomvi ule twawajua wazee wa Chaucer.

Duke William alikatwa kichwa baharini mwaka 1450. Mwanawe John ndiye aliyemwoa Elizabeth, dada wa Edward wa Nne na Richard wa Tatu. Watoto wao wakawa karibu na kiti cha enzi, na hilo ndilo lililowaangamiza: Earl wa Lincoln aliuawa vitani huko Stoke mwaka 1487, Edmund alikatwa kichwa mwaka 1513, na Richard, aliyeishi ugenini akijiita mwenye haki ya ufalme, alianguka katika vita vya Pavia, Italia, mwaka 1525.

Huko Hull imebaki nyumba ya wazee maskini, iliyotokana na nadhiri ya yule mfanya biashara na kukamilishwa na mwanawe Michael. Majengo yake yalijengwa upya, na wazee wangali wakikaa humo.