Karatasi Moja Ilimfunga, Nyingine Ikampa Tuzo

Kama ulifanya mtihani wa kidato cha nne Kenya hii, unaijua ile kazi. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, shairi limekaa mbele yako, na swali linasema: eleza umbo la shairi hili. Unaanza kuhesabu kwa vidole. Mishororo minne kila ubeti, kwa hivyo ni tarbia. Mizani kumi na sita. Vina vya kati vinafanana, vya mwisho vinafanana. Unaandika, unachukua alama zako, unaenda zako. Hakuna aliyekuuliza swali lenyewe: kwa nini mshairi ajitese hivyo? Kama alikuwa na la kusema, si angesema tu?

Kuna kijana mmoja wa Mombasa aliyejaribu njia zote mbili. Kwanza alisema waziwazi. Halafu akasema kwa vina.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Kufikia 1968, Kenya ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru na tayari watu walikuwa wanaulizana uhuru wenyewe umeenda wapi. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa ametoka serikalini mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU, na serikali ya Jomo Kenyatta ilikuwa inakibana chama hicho kila upande. Abdilatif, aliyekuwa upande wa KPU, akaandika kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Ilikuwa nathari ya moja kwa moja, swali kavu lililoelekezwa kwa wenye nchi. Akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu. Alipokamatwa alikuwa na miaka 22. Umri wa mtu ambaye leo angekuwa anangoja kugraduate.

Sehemu kubwa ya kifungo aliikaa peke yake, Kamiti. Huko ndiko alikoandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972 na kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1973, Oxford University Press ikayachapisha mashairi hayo katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata tuzo ya fasihi. Jina la tuzo? Jomo Kenyatta.

Tulia kidogo hapo. Mtu ni yuleyule na msimamo ni uleule. Mashairi yake hayaombi msamaha popote. Karatasi ya kwanza ilimpeleka jela, ya pili ikamletea tuzo yenye jina la rais aliyemfunga. Sisemi kwamba vina vililaghai serikali, maana waamuzi wa fasihi si polisi. Lakini umbo lilifanya kazi ambayo nathari haikuweza kuifanya, na kazi hiyo ndiyo mwalimu alisahau kutuonyesha.

Tuchukue mshororo mmoja. Huu ni wangu, nimeutunga kwenye matatu, kwa hivyo usiutafute kitabuni:

Dereva punguza mwendo, mbele yetu kuna shimo.

Hesabu. Nane upande wa kwanza, nane upande wa pili. Sasa niambie, ukitaka kunishtaki kwa maneno hayo, utaniweka kosa gani? La kumshauri dereva? Ili unitie hatiani itabidi wewe mwenyewe usimame mbele ya watu useme kwamba dereva ni rais na shimo ni sera zake. Ukishasema hivyo, aliyemtukana mkubwa ni nani, mimi au wewe?

Hiyo ndiyo nguvu ya fumbo. Linamhamishia msikilizaji mzigo wa kusema. Katika Sauti ya Dhiki utakutana na mamba anayetamba mtoni, jipu linalouma, njia yenye utelezi baada ya mvua. Hakuna waziri aliyetajwa humo. Lakini msomaji wa 1973 hakuhitaji kuambiwa mamba ni nani. Fumbo linataka watu wawili, anayelifunga na anayelifungua, na yule anayelifungua anakuwa mshirika. Kijikaratasi unakubaliana nacho au unakikataa. Fumbo ukishalifumbua, limekuwa lako pia.

Mazungumzo nayo yana kazi yake. Shairi lake maarufu zaidi pengine ni "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili wanazozana: mmoja yuko juu ya mnazi, mwingine yuko chini. Wanapokezana beti, huyu akisema, yule anajibu. Angalia umbo hilo linavyofanya siasa bila kuhutubu. Wote wawili wamepewa mizani ileile. Aliye chini hapewi nafasi pungufu kwa sababu yuko chini. Katika nchi ambayo mkubwa anaongea na mdogo anapiga makofi, kumpa mdogo ubeti wa kujibu ni dai tayari. Tena ni ndugu, si maadui, na hapo ndipo panapouma.

Abdilatif hakuanza na sifuri. Zaidi ya karne moja kabla yake, Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, mshairi wa enzi za akina Mazrui, aliyetumia shairi la mishororo minne kuwajibu wapinzani wa mji wake, kuanzia Lamu hadi kwa Seyyid Said. Wakati huo shairi ndilo lililokuwa gazeti na ndilo lililokuwa uwanja wa mjadala. Kwa hivyo mfungwa wa Kamiti alipochagua tarbia, hakuchagua urembo. Alichagua silaha ambayo watu wa kwao waliijua matumizi yake.

Lugha yenyewe pia aliichagua. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, wakoloni walipoamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, Kimvita cha Mombasa kimekuwa kikionekana kama lahaja ya pembeni. Abdilatif aliandika kwa Kimvita. Mwanafunzi wa Nairobi anakunja uso akikisoma, na ni haki yake, si rahisi. Lakini fikiria mtu aliyenyang'anywa kila kitu, nguo, saa, jua. Kitu kimoja alichobaki nacho ni vile mama yake alivyokuwa akimwita.

Halafu kuna sauti. Shairi lake "Kuno Kunena" linauliza iweje kusema kukamleta mtu mahali kama pale. Lisome kwa sauti, hata kama maana inakupita. Sauti za k na n zinarudi, zinagongana, zinajirudia mpaka unachoka. Kwangu mimi ni kitasa. Linafungwa, linafungwa tena. Ungeweza kuandika kurasa kumi za nathari kueleza seli ilivyo, na usimfanye msomaji aisikie hivyo mdomoni mwake.

Tena mizani na vina vina faida nyingine ambayo mtu huru haioni haraka. Karatasi ya chooni inaweza kuchukuliwa na askari wakati wowote. Mshororo wenye vipande viwili vya mizani nane, vina vikishikana, unakaa kichwani. Ukisahau neno, kina kinakukumbusha. Zile kanuni tulizoziona kama pingu, kwa mtu aliye kwenye pingu za kweli zilikuwa ghala.

Sitaki kudanganya kwamba fumbo ni bima. Mwishoni mwa 2024, miezi michache baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana kadhaa waliokuwa wakichapisha picha na michoro ya kumkejeli rais mtandaoni walitekwa. Michoro mingine haikuwa hata na uso, kivuli tu. Mkubwa akitaka kukasirika, hata kivuli kinamtosha. Abdilatif naye alilijua hilo. Alishalipa miaka mitatu kabla ya kitabu chake kutoka.

Lakini vijikaratasi vya 1968, ni wangapi kati yetu wamewahi kuviona? Mashairi yapo. Yalisomwa, yakafundishwa, yakabishaniwa. Kwa hivyo siku nyingine ukikutana na shairi, hesabu mizani ukipenda, si dhambi. Ukimaliza, muulize mshairi: ulikuwa unamficha nani, ulikuwa unamjibu nani, na ulitaka nikumbuke nini wakiichukua karatasi?