Hoteli zinapofunguliwa, kufungwa na kuhama: Yanayopasa kujulikana Kitale na Bungoma

MGENI anayerejea Kitale au Bungoma baada ya mwaka mmoja au miwili huenda asiipate hoteli aliyozoea kula. Mahali alipokuwa akiagiza ugali kwa kuku wa kienyeji sasa panauzwa simu, na hoteli yenyewe ama imehamia mtaa mwingine au imefungwa kabisa.

Nyuma ya kila mlango uliofungwa kuna akiba ya mtu iliyopotea, na wapishi na wahudumu waliobaki bila kazi. Mara nyingi hasara hiyo ingepungua lau mwenye hoteli angalijua haki zake mapema. Yafuatayo ni maelezo ya mambo ya msingi.

Miji miwili, wateja mbalimbali

Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, ulikua kama mji wa wakulima, na reli iliufikia mwaka wa 1926. Hoteli zake hutegemea wakulima wa mahindi pamoja na wasafiri waendao Kapenguria na Lodwar. Mavuno yanapokuwa mabaya au bei ya mahindi inaposhuka, viti vya hoteli hubaki vitupu.

Bungoma nao umo katika njia ya kwenda Malaba na Uganda. Mbali na madereva na wafanyabiashara, fedha za miwa zina nafasi kubwa katika biashara za kaunti hiyo. Aidha, kiwanda cha karatasi cha Pan African kilipofungwa mwaka wa 2009, wenye biashara wa Webuye waliokuwa wakiwategemea wafanyakazi wake walipata pigo kubwa.

Janga la korona lilizidisha masaibu. Mwishoni mwa Aprili 2020 serikali iliruhusu hoteli zifunguliwe kwa masharti, yakiwemo wafanyakazi kupimwa na wateja kuketi mbalimbali. Mnamo Juni 2021, Bungoma na Trans Nzoia zilikuwa miongoni mwa kaunti 13 ambazo kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, ilhali kwingineko ilianza saa nne usiku. Kwa hoteli zilizotegemea mlo wa jioni, hatua hiyo ilikuwa sawa na kufungwa nusu. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Kufungua

Kabla ya mwaka wa 2013, leseni za biashara zilitolewa na mabaraza ya miji. Chini ya Katiba ya 2010, kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo anayefungua hoteli Kitale huenda kwa serikali ya Trans Nzoia, na wa Bungoma kwa serikali ya kaunti yake. Ada huwekwa katika sheria ya fedha ya kila kaunti, na haifai kukisia kiwango cha mji mmoja kwa kutazama cha mwingine.

Maafisa wa afya ya umma hukagua jiko, maji, vyoo na mahali pa kutupia taka. Kila anayeshika chakula hutakiwa kuwa na cheti cha afya, ambacho hutolewa baada ya kupimwa na hufanywa upya kila miezi sita. Anayetaka kuuza pombe huhitaji leseni nyingine mbali na ya chakula.

Notisi ya mwenye jengo

Hapa ndipo wengi huumia. Mpangaji hupewa siku chache za kuondoka, naye kwa kutojua huanza kubeba sufuria zake.

Hata hivyo, Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, ambayo ni ya mwaka wa 1965, inamlinda. Inahusu upangaji usio na mkataba wa maandishi, na pia ule wenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano. Mkahawa ni mahali panapouzwa chakula au vinywaji vya kutumiwa papo hapo. Kwa hivyo hata hoteli ya meza tatu imo.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwenye jengo anayetaka kumwondoa mpangaji au kumpandishia kodi lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, yenye kutaja sababu. Notisi haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu mpangaji alipoipokea. Miongoni mwa sababu zinazokubalika ni kutolipa kodi, kuvunja masharti, kutaka kubomoa na kujenga upya, au mwenye jengo kutaka kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Mpangaji hutakiwa kumjibu mwenye jengo kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja. Asiporidhika, awasilishe malalamiko kwa jopo la mizozo ya kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyotajwa katika notisi. Akifanya hivyo, notisi husimama hadi uamuzi utolewe. Akikaa kimya hadi tarehe ipite, notisi hutekelezwa, hata kama alikuwa na hoja nzito.

Kumfungia mpangaji mlango kwa kufuli bila kufuata utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Lakini ulinzi huo haumpi mtu ruhusa ya kula kodi. Stakabadhi za malipo zihifadhiwe, kwani bila hizo ni vigumu kuthibitisha neno.

Kuhama na kufunga

Anayehama asidhani kwamba leseni ya zamani itamfuata. Jengo jipya lina jiko na vyoo vingine, na hukaguliwa upya. Ni busara kuwajulisha wateja mapema na kubandika tangazo katika mlango wa zamani, ili wasidhani hoteli imekufa.

Anayefunga kabisa ana wajibu kwa wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi anayeachishwa kazi kwa sababu kazi imekwisha apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na afisa wa leba aarifiwe. Pia hulipwa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, pamoja na likizo ambazo hakuzichukua.

Mhudumu aliyefanya kazi miaka minne, kwa mfano, anastahili fidia ya siku 60 angalau. Wengi huondoka mikono mitupu kwa sababu hawakuuliza, na mwajiri hakuwaambia.