Mnada Usio na Uso

Neno mnada linatokana na kitenzi kunadi, chenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kuita kwa sauti. Dalali husimama mbele za watu akaitangaza mali, nao wanunuzi hupandishiana bei huku wakionana nyuso. Katika minada ya ng'ombe niliyoizoea tangu utotoni, muuzaji mjanja aliweza kumpenyeza ndugu yake umatini ili apandishe bei. Hila hiyo haikudumu, kwani kufikia mnada wa pili ndugu huyo alikwisha kujulikana.

Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mnada wa intaneti ulioitwa AuctionWeb, ambao baadaye ulikuja kuitwa eBay. Sauti ikanyamaza, uso ukatoweka, likabaki jina, tena la kujitungia. Mwaka 1996 ukawekwa utaratibu wa wauzaji na wanunuzi kusifiana au kulaumiana hadharani, ili jina liwe dhamana. Tangu hapo vita vya wauzaji vikawa vita vya majina.

Mwaka 2000 mwanasheria mmoja wa California alinadi mchoro ulioghushiwa uonekane kazi ya Richard Diebenkorn. Kwa majina mengi ya bandia, yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kupandishiana bei. Mchoro huo ukafika dola 135,805. Mauzo yakafutwa, na mwaka uliofuata wakashtakiwa.

Hila nyingine humlenga mshindani mwenyewe. Muuzaji hujivika jina la mnunuzi, akanunua kwa mwenzake kitu kidogo, kisha akamchafua hadharani. Au hutaja bei kubwa asiyokusudia kulipa, mali ya mwenzake ikadoda. Wengine waliwalipizia kisasi wanunuzi waliolalamika, hata mwaka 2008 eBay ikawazuia wauzaji kuwalaumu wanunuzi.

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba jina jema hung'ara gizani. Sikuwaambia kwamba gizani humo mna mtu awezaye kuizima taa ya jirani, kisha akaondoka bila kuonekana. Leo ningewaambia.

Mtu huyo anahitaji jina katika lugha yetu, maana asiye na jina ni vigumu kumshtaki. Mimi napendekeza mzabuni kivuli. Nanyi malenga, mwasemaje?