Nauli na Hujja ya Abiria wa Karatu

Reli iliyotoka Tanga, ikafika Moshi kisha Arusha mnamo mwaka 1929, haikuupanda kamwe ukuta wa Bonde la Ufa. Kwa hiyo msafiri wa nyanda za juu za Karatu, awe Mwiraqw apelekaye mazao yake sokoni au mkazi wa Ngorongoro aendaye kumwuguza jamaa yake mjini, hakuwa na budi kuitia nauli yake mkononi mwa kondakta wa basi. Katika gari la moshi tiketi ilitaja daraja, kituo na tarehe, na ubishi ulipozuka karatasi ndiyo iliyoamua. Ilhali katika basi hujja ya abiria, kama alikuwa nayo, ilikuwa kipande chenye mwandiko usiosomeka. Gari likiharibika hapo Mto wa Mbu, kabla ya kuukabili mlima, naye akafaulishwa katika gari jingine, aliweza kudaiwa nauli ya pili, jambo ambalo mimi naliona kuwa dhuluma iliyo dhahiri, kwa kuwa aliyelipia safari amelipia kufika.

Sheria ilikuja taratibu: ya SUMATRA, mamlaka ya kusimamia usafiri wa nchi kavu na majini, mwaka 2001, kisha ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka 2019, zote mbili zikiwawekea watumiaji baraza lao la ushauri, na baadaye tiketi za kielektroniki zikaanza kuviondoa vitabu vya tiketi za karatasi.

Basi, ewe ndugu abiria, idai tiketi yako kabla gari halijang'oa nanga, isome, na uihifadhi hata utakaposhuka.